Fikra Zilizokwenda Mbali: Falsafa ya Veda na Nafsi Isiyotulia

Katika kitabu cha 10 cha Rigveda, mkusanyo wa kale wa nyimbo takatifu za Wahindu, kuna wimbo mfupi, wa 58, wenye beti 12 tu. Kila ubeti unamwambia mtu jambo lilelile: fikra zako zimeondoka, zimekwenda mbali. Zimekwenda kwa Yama, bwana wa mauti. Zimekwenda kwenye pembe nne za dunia, kwenye bahari yenye mawimbi, kwenye maji na mimea, kwenye jua na alfajiri, kwenye milima mirefu. Ubeti wa mwisho unasema zimekwenda kwenye yaliyopita na yatakayokuja. Kisha kila mara kiitikio ni kimoja: tunazirudisha, zikae hapa, ziishi.

Mapokeo yanausema kuwa wimbo wa kumrudishia uhai mtu aliyezimia au anayekaribia kukata roho. Lakini yeyote aliyewahi kukodoa macho saa nane za usiku akihesabu kodi ya mwezi ujao anaujua ugonjwa wenyewe. Mwili uko kitandani, fikra ziko kwa mwenye nyumba.

Wataalamu wengi wanakadiria kwamba Rigveda ilitungwa kati ya mwaka 1500 na 1000 kabla ya Kristo, kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi, ikahifadhiwa kwa kukaririwa kwa karne nyingi kabla ya kuandikwa. Kwa hiyo swali la nafsi isiyotulia halikuletwa na simu wala foleni za mjini. Lilikuwepo, na watu waliolifikiria kwa muda mrefu wameacha majibu. Tatizo ni kwamba majibu hayo yanatufikia yakiwa yamechanganywa, yamerahisishwa, na mara nyingi yanauzwa.

Tuyapange kidogo. Veda ni nne: Rigveda, Yajurveda, Samaveda na Atharvaveda. Sehemu kubwa ni nyimbo, dua na maelekezo ya ibada. Mwishoni mwake zinakuja Upanishadi, maandiko ya mazungumzo kati ya walimu na wanafunzi, baba na mwana, hata mtu na mauti, na hapo ndipo maswali ya nafsi yanapochimbwa kweli. Bhagavad Gita, yenye beti 700, imo ndani ya utenzi mkubwa wa Mahabharata. Yoga Sutra ya Patanjali ni kitabu kingine, cha baadaye zaidi. Kwa ukali wa maneno, hivi viwili vya mwisho si Veda, ila vinatoka katika madhehebu ya fikra yanayozikubali Veda kuwa na mamlaka. Mafundisho ya Buddha, ambayo mara nyingi huuzwa kwenye duka hilohilo, yalizikataa. Ni jirani, na jirani wa karibu, lakini nyumba si moja.

Nani hasa anayesumbuka?

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kudhani kwamba lengo ni kuifanya akili iwe tupu. Mtu anaambiwa ajaribu taamuli. Anakaa, anafumba macho, baada ya dakika mbili mawazo yamejaa kuliko mwanzo, anainuka na kusema mambo haya hayamfai.

Yajurveda haikuomba utupu. Katika sura ya 34 ya toleo liitwalo Vajasaneyi kuna beti sita zinazoombea akili. Zinaieleza kuwa ni ile inayosafiri mbali mtu akiwa macho, na akilala inasafiri vilevile. Nuru ya nuru zote. Iliyo moyoni, yenye kasi kuliko vyote. Kila ubeti unaishia hivi: akili yangu hiyo na iwe na nia njema. Hakuna anayelalamika kwamba akili inazunguka sana. Kuzunguka ndiyo kazi yake. Kinachoombwa ni mwelekeo, na ubeti wa mwisho unaifananisha na dereva hodari anayeongoza farasi kwa hatamu.

Picha hiyo ya farasi inakuja kukomaa katika Katha Upanishadi. Kijana Nachiketa amemuudhi baba yake kwa maswali, baba kwa hasira akasema anamtoa kwa Mauti. Nachiketa akaenda kweli. Hakumkuta mwenyeji, akangoja siku tatu, mchana na usiku, bila kula. Mauti aliporudi aliona haya kumwacha mgeni na njaa, akampa maombi matatu. La tatu lilikuwa gumu: nini kinabaki mtu akifa? Mauti akajaribu kumhonga aache swali hilo: chukua ng'ombe, tembo, dhahabu, maisha marefu. Kijana akakataa, na hapo somo likaanza.

Mauti anamwambia: mwili ni gari la farasi. Hisi ndizo farasi, na vitu vya dunia ndizo njia wanazopitia. Hatamu ni manasi, yaani ile akili inayopokea kila kitu, kukigeuza na kusitasita. Dereva ni budhi, busara inayopima na kukata shauri. Na abiria, mwenye gari, ni Atma, nafsi yenyewe.

Ushauri mwingi tunaopeana mtu akichanganyikiwa ni wa farasi na njia: zima simu, hama mtaa, achana na marafiki wale. Si ushauri mbaya. Lakini Katha inaweka lawama kwa dereva. Dereva akiwa amesinzia, hata farasi wazuri watakwenda porini. Akiwa macho, hata wakorofi watashikika. Na jambo kubwa zaidi ni kwamba abiria si hatamu. Hatamu zikitetemeka, abiria hajatetemeka. Ameketi kwenye kitu kinachotetemeka.

Walimu wa Vedanta, falsafa iliyojengwa juu ya Upanishadi, waliligeuza hili kuwa zoezi. Unachokiona si wewe unayeona. Naona kikombe, kwa hiyo mimi si kikombe. Najua mkono wangu unauma, kwa hiyo kuna anayejua ambaye si maumivu ya mkono. Sasa endelea ndani: najua kwamba akili yangu leo imechafuka. Basi hata uchafuko huo ni kitu kinachoonekana, na anayeuona yuko pembeni yake. Mundaka Upanishadi inaeleza kwa ndege wawili marafiki waliotua mti mmoja: mmoja anakula tunda, mwingine anatazama tu bila kula.

Ukilijaribu kwa uaminifu, hata kwa nusu dakika, utaona tofauti kati ya kuwa ndani ya hofu na kuiona hofu. Hofu haiondoki papo hapo. Inapungukiwa na mahali pa kushika. Naongeza tahadhari moja: zoezi hili ni rahisi kulitumia vibaya. Nimewasikia watu waliokosea nyumbani wakijisema kuwa wao ni mashahidi tu wa maisha. Shahidi wa Upanishadi hamwondolei mtu wajibu wa kuomba radhi.

Mnyororo wa Gita

Kama kuna maelezo ya shambulio la wahaka katika maandiko ya kale, yako kwenye sura ya kwanza ya Bhagavad Gita. Arjuna, mpiga mishale asiye na mfano, anasimamishwa katikati ya majeshi mawili pale Kurukshetra. Upande wa pili anamwona Bhishma, mzee wa ukoo aliyemlea, na Drona, mwalimu wake wa upinde. Anaeleza yanayompata: viungo vinalegea, kinywa kinakauka, mwili unatetemeka, nywele zinasimama, ngozi inawaka, upinde wake Gandiva unamponyoka mkononi, hawezi kusimama, akili inazunguka. Kisha anaketi garini na kukataa kupigana. Dereva wa gari lake ni Krishna, ambaye kwa Wahindu ni Mungu katika umbo la mtu.

Krishna hakumpa pole. Alianza kwa kumkaripia, na haikusaidia. Arjuna alipokiri kwamba amechanganyikiwa na anataka kufundishwa, ndipo mazungumzo yakageuka. Na katika sura ya pili, beti za 62 na 63, kuna maelezo ya hatua kwa hatua ya namna akili inavyojivunja yenyewe. Mnyororo huo nauona kuwa sehemu yenye manufaa kuliko zote kwa mtu wa leo, kwa hiyo tuufuate polepole.

Ni saa tatu usiku. Unapokea ujumbe wa bosi: "Kesho asubuhi pitia ofisini kwangu." Basi, hakuna zaidi.

Hatua ya kwanza, Gita inasema, ni kulikalia jambo kwa fikra. Unausoma tena. Hakuna salamu, jana aliweka salamu. Kulikalia kunazaa kushikamana: sasa huo si ujumbe tena, ni kazi yako, ni heshima yako, ni ada ya mtoto. Kushikamana kunazaa kutaka: unataka kujua sasa hivi, unamwandikia, "Kuna tatizo, bosi?" Tiki mbili zinageuka bluu. Kimya. Kutaka kulikozuiwa kunazaa hasira: anajifanya nani huyu, baada ya yote niliyomfanyia? Hasira inazaa kiwewe, na katika kiwewe kila alichowahi kusema kinageuka ushahidi. Kiwewe kinaharibu kumbukumbu. Si kwamba unasahau jina lako, ila unasahau kwamba ujumbe kama huo ulikuja mwezi uliopita na ilikuwa habari ya ripoti. Unasahau kwamba uliwahi kukosa kazi na hukufa. Kumbukumbu ikipotea, budhi inaharibika, yule dereva. Saa sita usiku unaandika barua ya kuacha kazi. Neno la mwisho la ubeti ni kwamba mtu huyo ameangamia.

Ona hasira imekaa wapi. Iko katikati, si mwanzoni. Anayejitahidi kuidhibiti hasira amechelewa, mnyororo umeshajikaza. Mahali pepesi pa kuukata ni pale mwanzo, kwenye kulikalia jambo, kabla halijawa langu. Hapo kukata ni kuweka simu chini baada ya kusoma mara moja.

Tena, uwezo wa kulikalia jambo moja kwa saa tatu bila kubanduka ndio uleule taamuli inaouhitaji. Mtu mwenye mawazo mengi hujiona kuwa hawezi kutulia. Kumbe ana nguvu kubwa ya kutulia mahali pamoja, ila amepachagua vibaya.

Na kama kuvunjika ni kupoteza kumbukumbu, kupona kunaelezwa kwa namna hiyohiyo. Sura 16 baadaye, karibu na mwisho wa Gita, Arjuna anasema: kiwewe kimeondoka, kumbukumbu imenirudia, nimesimama imara. Wakati anasema hivyo, majeshi bado yamepangwa, Bhishma bado yuko upande wa pili, hakuna kilichobadilika uwanjani.

Kazi ni yako, matunda si yako peke yako

Ubeti unaonukuliwa kuliko wote ni wa 47 wa sura hiyo ya pili: haki yako ni katika kutenda, kamwe si katika matunda; wala usishikamane na kutotenda. Watu wengi huishia kwenye nusu ya kwanza na kuielewa kama "usijali". Mtu asiyejali hahitaji mwalimu; hilo analiweza mwenyewe.

Maana yake inaonekana vizuri ukiusoma pamoja na sura ya 18, ubeti wa 14, ambapo Krishna anataja mambo matano yanayofanya tendo lolote lifanikiwe: mahali linapotokea (yaani mwili), mtendaji, vyombo vyake, juhudi za namna nyingi, na la tano ni daiva, yale yasiyo mikononi mwa mtu. Ukihesabu, wewe umo, na una sehemu kubwa. Lakini humo peke yako. Wahaka mwingi unatokana na kudai hisa ambayo hukuwahi kuimiliki: nataka niendeshe sehemu yangu na ile ya tano pia. Kwa yule wa ujumbe wa bosi, hisa yake usiku huo ni ndogo na inafanyika: kuitafuta ripoti, kupiga pasi shati, kulala.

Kuachilia huku kunaitwa vairagya, na wala si ubaridi wa moyo. Patanjali, ambaye naye anaihimiza vairagya, anatoa katika sutra (yaani kauli fupi) ya 33 ya sura ya kwanza dawa ya kusafisha akili ambayo mtu baridi hawezi kuinywa: kuwa rafiki kwa wenye furaha, mwenye huruma kwa wenye mateso, mwenye kufurahia mema ya watu wema, na asiyejishughulisha na waovu. Hebu jipime na hiyo ya kwanza. Jirani amenunua gari jipya. Kiasi gani cha kero zetu za siku kinatoka hapo tu? Na ile ya nne imewahi kuokoa jioni nyingi kwenye makundi ya WhatsApp.

Mazoezi, pumzi na chakula

Katika sura ya sita Arjuna analalamika waziwazi: akili ni kigeugeu, ina vurugu, ina nguvu, ni kaidi, kuishika ni kama kuushika upepo. Jibu la Krishna linaanza kwa kukubali: bila shaka, ni ngumu. Halafu anataja mambo mawili, mazoezi ya kurudia na vairagya. Patanjali anataja hayohayo mawili, akiongeza kwamba mazoezi yanashika mizizi yakifanywa kwa muda mrefu, bila kukatizwa, kwa moyo.

Hapa inafaa kusema neno juu ya yoga. Kila tarehe 21 Juni, siku iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2014, picha tunazoziona ni za watu waliojikunja kwenye mikeka. Kitabu cha Patanjali kina sutra 195 hivi, na zinazozungumzia mkao ni tatu tu. Mkao unaotakiwa ni ulio imara na wa starehe. Yaliyobaki ni habari za akili.

Patanjali anazitaja dalili nne zinazofuatana na akili iliyotawanyika: maumivu, kukata tamaa, kutetemeka kwa viungo, na pumzi iliyoharibika. Sutra tatu baadaye anapendekeza kuanzia pumzi: kuitoa na kuishikilia. Kwa anayeanza, kushikilia kunaweza kungoja. Kaa mgongo ukiwa umenyooka, vuta pumzi kama kawaida kwa pua, kisha itoe taratibu, ichukue muda mrefu kuliko ulivyovuta. Usisukume. Fikra zikikimbia, na zitakimbia, zirudishe kwenye pumzi inayotoka. Kule kurudisha ndiyo zoezi. Aliyezirudisha mara 40 amefanya kazi, hajashindwa.

Halafu kuna tumbo, ambalo wauzaji wa utulivu hulisahau. Chandogya Upanishadi ina kisa cha Shvetaketu, kijana aliyesoma Veda kwa miaka 12 akarudi nyumbani na majivuno. Baba yake, Uddalaka, akamwambia asile siku 15, anywe maji tu kadiri apendavyo. Siku zilipotimia akamwita: haya, nisomee beti. Kijana akajibu, hazinijii. Baba akamwambia akale. Akala, akarudi, na kila alichoulizwa akakijibu. Uddalaka akahitimisha kwamba akili inatokana na chakula. Gita nayo inasema yoga si ya anayekula kupita kiasi wala anayejinyima kabisa, si ya anayelala mno wala anayekesha. Kabla hujalitafuta chimbuko la huzuni yako katika falsafa, angalia ulikula nini leo na ulilala saa ngapi.

Wanapotofautiana, na pale falsafa inapoishia

Wenyewe kwa wenyewe hawakubaliani abiria wa gari ni nani. Shankara, katika karne ya 8 hivi, alifundisha kwamba Atma na Brahman, uhalisia wa mwisho, ni kimoja tu. Ramanuja aliyemfuata katika karne ya 11 na 12 alisema nafsi zinamtegemea Mungu, wala si Mungu mwenyewe kwa ukamilifu wake. Madhva, karne ya 13, akazitenga kabisa. Shule ya Patanjali ina mpangilio wake mwingine. Kwa hiyo mtu akikuambia "Veda zinasema wewe ni Mungu", amekupa jibu la shule moja.

Hili lina uzito kwa Mwislamu au Mkristo anayesoma haya, na wasomaji wengi wa Kiswahili wamo humo. Sioni busara ya kumwingizia mtu itikadi kwa mlango wa nyuma kwa kisingizio cha kupumua. Mnyororo wa hasira, hesabu ya hisa katika tendo, pumzi ndefu, usingizi na chakula vinaweza kupokewa bila kubadili kibla wala kanisa. Fundisho la Atma ni jambo jingine. Ni dai juu ya uhalisia, na linastahili kukubaliwa au kukataliwa kwa macho makavu. Pwani walikwisha sema kwamba Baniani mbaya kiatu chake dawa. Nadhani sehemu ya kwanza ya methali hiyo ni ya kuachwa, na ya pili ishikwe.

Kuna kitu kingine cha kusema bila kupindapinda. Sonona inayomzuia mtu kuinuka kitandani kwa majuma, sauti ambazo wengine hawazisikii, au mawazo ya kujiua, hayo ni ya kupelekwa hospitali, kwenye kitengo cha afya ya akili, na mapema. Kwa baadhi ya watu waliopitia maovu makubwa, kukaa kimya na macho yamefumbwa kunaweza kuyafukua yote kwa mpigo. Hao waanze wakiwa na mtu anayejua anachofanya, au waache kwanza. Dawa na taamuli hazigombani.

Kwa wengine wote, swali lililobaki ni la Arjuna mwenyewe, kwenye hiyo sura ya sita. Vipi kuhusu anayeanza halafu akashindwa kuendelea? Je, hajaikosa dunia hii na ile, akatawanyika kama wingu lililopasuka? Krishna akamwita kwa upole, kama mzazi anavyomwita mwanawe, na kumjibu kwamba atendaye mema hafikii mwisho mbaya. Ataanzia pale alipoishia.